Jina liko mdomoni ila halitoki: kichwani kunaendelea nini tukiongea na tukisikiliza?

Mdadisi wa Mambo (mwanzisha uzi):

Wakuu habari zenu. Kabla sijatiririka kila anayesoma ajibu hili swali chap chap, usitafute mtandaoni, usilifikirie sana: Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina kwenye safina? Tupia jibu kwenye koment halafu endelea kusoma.

Haya sasa. Nimekuwa nasomasoma mambo ya saikolojia ya lugha, yaani kinachotokea kati ya mtu kupata wazo na sauti kumtoka mdomoni, na upande wa pili kati ya sauti kuingia sikioni na mtu kuelewa. Kilichonishika ni kwamba hizi kazi mbili tunazifanya kutwa nzima bila kutoa jasho lakini hazifanyiki kabisa vile tunavyohisi zinafanyika. Tunahisi kwamba tukiongea tunachukua neno zima tunalitamka, na tukisikiliza tunasubiri neno liishe ndio tunaelewa. Zote mbili siyo kweli. Neno linakuja vipande vipande, na msikilizaji hasubiri, anabashiri.

Tuanze na kuongea. Inamtokea kila mtu: unataka kumtaja mtu unayemjua vizuri, sura unaiona, kazi yake unaijua, hadi ndugu zake unawajua, jina halitoki. Watu wanakusaidia, Hamisi? siyo. Hamadi? siyo, ila linaanza na H. Sasa kama jina hulikumbuki umejuaje linaanza na H, na kama unalikumbuka mbona husemi?

Hili jambo William James alishaliandikia mwaka 1890 kwamba lile pengo siyo pengo tupu, kuna kitu ndani yake kinahangaika na kinajua kukataa jina lisilo lake. Ila waliokuja kulipima ni Roger Brown na David McNeill wa Harvard, 1966. Walikuwa wanawasomea wanafunzi maana ya maneno adimu, kwa mfano kifaa cha mabaharia cha kupimia pembe kati ya jua na upeo wa macho, halafu wanawauliza neno lenyewe. Wengine walijua, wengine hawakujua kabisa, lakini kuna waliokwama katikati, wanasema nalijua nalijua linakuja. Hao waliokwama wakaulizwa herufi ya kwanza ni ipi, wakapatia asilimia 57. Idadi ya silabi nayo walikuwa wanaikaribia sana. Yaani maana wanayo, umbo la nje la neno wanalo nusunusu, sauti kamili ndio hawana.

Ndio maana akina Willem Levelt, yule Mholanzi wa taasisi ya Max Planck pale Nijmegen, wakasema kuongea kuna hatua. Kwanza unapanga unachotaka kusema, halafu unachagua neno likiwa na maana yake na sarufi yake bila sauti, halafu ndio sauti zinaitwa, mwisho ulimi na midomo vinapewa kazi. Ukikwama jina maana yake hatua ya kwanza na ya pili zimepita, ya tatu imegoma.

Na hapa ndipo mimi nilipopanda mori. Mwaka 1997 Gabriella Vigliocco na wenzake waliwapima Waitaliano waliokwama neno hivyo hivyo. Kiitaliano kila nomino ni ya kiume au ya kike, kiti ni cha kike, kitabu ni cha kiume, na wala haihusiani na maana. Watu waliokwama hawana sauti ya neno lakini jinsia ya neno wanaitaja, tena wanapatia mara nyingi kuliko kubahatisha. Sasa njoo kwenye Kiswahili msikilize mtu aliyekwama: "niletee ule... ule nini... ule wa kufagilia." Au "chukua lile, lile la kulimia." Ameshakuwekea ngeli ya ufagio na ya jembe na neno lenyewe hana! Hakuna mtu akikwama jembe utamsikia anasema "ule wa kulimia."

Nakuja na upande wa kusikiliza, ngoja nione koment kwanza.

kitimoto_hapana:

Wawili. Swali la chekechea hili mkuu, tiririka.

Mtazamaji:

Wawili wawili, dume na jike. Nimeweka kambi.

Bi Zuwena:

Hahahaha mmeliwa mchana kweupe. Musa na safina wapi na wapi jamani, mwenye safina ni Nuhu.

Mtazamaji:

Dah 😂 nimerudi kusoma mara mbili ndio nimeona. Na mimi madrasa nimemaliza kabisa.

Mdadisi wa Mambo:

Bi Zuwena umenimalizia uhondo ila safi. Mtazamaji usijilaumu, hilo swali ni la Erickson na Mattson, 1981, na watu wengi sana wanaliwa ingawa ukiwauliza pembeni nani alijenga safina wote wanasema Nuhu. Hata ukiwatahadharisha kwamba kuna mtego bado wanaliwa. Wanachokosa siyo elimu. Kichwa kinaposikiliza hakikagui kila neno na kulilinganisha na kila kitu kinachojua, kinachukua kinachotosha kuendelea na safari. Musa ni nabii, ni wa zamani, yupo kwenye visa vilevile, anatosha, pita. Ningeandika mwanasoka yeyote mngeshtuka wote.

Upande wa kusikiliza ndio huu sasa. Mwaka 1970 Richard Warren alirekodi sentensi, akafuta kabisa sauti moja ndani ya neno na pale pengo lilipo akabandika kikohozi. Watu 20 wakasikiliza. 19 walisema hakuna sauti iliyokosekana, neno lote limesikika na kikohozi kimepita tu nyuma yake. Yule mmoja aliyesema kuna sauti imekosekana akataja sauti nyingine ambayo siyo. Tafakari hilo taratibu, siyo kwamba waliotea neno, waliisikia sauti ambayo haikuwepo kwenye rekodi. Kwa maana hiyo sehemu ya unachosikia unakitengeneza mwenyewe.

Halafu 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard waliwafunga watu elektrodi kichwani, wakawaonyesha sentensi neno moja moja, nyingine zinaishia vizuri nyingine zinaishia vituko, kwa mfano mtu anapaka soksi kwenye mkate. Ikifika soksi, kama milisekunde 400 baada ya neno kutokea, umeme wa ubongo unazama chini kwenye upande hasi kupita kawaida. Hiyo ni chini ya nusu sekunde. Na siku hizi inajulikana kwamba haihitaji kituko, hata neno la kawaida tu lisilotarajiwa sana mahali hapo linaleta wimbi kubwa kuliko neno linalotarajiwa. Ubongo unaonekana ulikuwa umeshajiandaa kwa kitu fulani kabla hakijafika.

Fundi Maneno:

Mkuu nakusoma lakini mimi nina wasiwasi na mambo mawili. La kwanza, hizi tafiti zote ni Kiingereza na Kiitaliano, watu wanachukua wanafunzi wa chuo chao halafu wanasema ubongo wa binadamu uko hivi. La pili hiyo hoja yako ya ngeli. Mtu akisema "nipe kile, kile nini" siyo lazima ameshapata ngeli ya neno, anaweza kuwa anafikiria tu neno "kitu", kile kitu. Kwa hiyo ngeli ya KI haithibitishi chochote.

Mdadisi wa Mambo:

Fundi hiyo ya pili umepiga penyewe na ndio maana makusudi sikutumia mfano wa kile. Kile ni cha wote, hata mtu asiyejua anachotafuta anasema kile. Vilevile "ile" ina shida kwa sababu maneno mengi ya kukopa yameangukia huko, mtu akisema ile anaweza kuwa anabahatisha tu. Lakini "ule" na "lile" hazina pa kujificha, hakuna neno la jumla linalokulazimisha useme ule. Mtu akikwama ufunguo akasema "ule wa kufungulia", hiyo U ameitoa wapi kama siyo kwenye neno lenyewe ambalo bado hajalitamka?

Hoja ya kwanza nakubaliana na wewe mia kwa mia. Lugha zilizopimwa ni chache sana ukilinganisha na zaidi ya 7,000 zilizopo duniani, na nyingi ni za Ulaya. Ndio maana nataka watu tulete mifano ya kwetu hapa.

Bi Zuwena:

Nina mfano wa kwetu basi. Someni hii: Samaki aliyemla mtoto alikuwa na chumvi nyingi.

kitimoto_hapana:

Astaghafiru, samaki kala mtoto halafu... subiri kwanza 😂😂

Mtazamaji:

Sentensi imekosewa hiyo, ilitakiwa "samaki aliyeliwa na mtoto".

Bi Zuwena:

Haijakosewa kaka Mtazamaji. Ni kama kusema "kitabu alichosoma mtoto", mtendaji anakuja nyuma. Kwenye kitabu huchanganyikiwi kwa sababu A ya mtoto na CHO ya kitabu ziko tofauti. Kwenye samaki na mtoto wote wanachukua A, YE na M, kwa hiyo "samaki aliyemla mtoto" anaweza kuwa mlaji na anaweza kuwa mliwaji, sarufi inaruhusu yote mawili. Chukua "mtoto aliyempiga mwalimu ameondoka", nani kampiga nani? Mimi hapo huwa naona maana mbili lakini ya kwanza kuja ni mtoto kumpiga mwalimu, kila mara, ingawa kwa kawaida anayepiga ni mwalimu.

Mdadisi wa Mambo:

Bi Zuwena umeua. Hii ni dhahabu. Kilichomtokea kitimoto_hapana hapo juu ndio kitu chenyewe, aliposoma "samaki aliyemla mtoto" hakusubiri sentensi iishe, alishaamua nani mlaji, picha mbaya ikaja, halafu chumvi ikaja ikambomolea nyumba akarudi nyuma kujenga upya. Sentensi za namna hii Thomas Bever alizifanya maarufu kwa Kiingereza mwaka 1970. Na huko kuamua mapema kwamba wa kwanza kutajwa ndio mtendaji kumeonekana kwenye lugha nyingi zilizopimwa, sentensi ambayo mtajwa wa kwanza ndiye mtendaji inasomeka haraka kuliko ile ambayo yeye ndiye mtendwa. Kichina bado wanavutana kidogo.

Na kuna kitu kingine lugha yetu inampa msikilizaji mapema. Nikisema "amekivunja..." nikanyamaza, kichwani kwako kimeshakuja kikombe, kiti, kioo, na meza imeshatoka kwenye orodha kabla sijafungua mdomo tena. Kihispania wamelipima, Casey Lew-Williams na Anne Fernald, 2007, watoto wa miaka 3 hivi wanaonyeshwa picha mbili huku kamera inafuata macho yao. Picha zikiwa za jinsia tofauti, mtoto akisikia kile kineno kidogo cha jinsia kinachotangulia nomino macho yanawahi kwenda kwenye picha sahihi, zikiwa za jinsia moja anachelewa. Miaka 3! Hajui kuandika hata jina lake. Kwa watu wazima Altmann na Kamide walifanya kitu cha kufanana 1999, ukisikia kitenzi cha kula macho yako yanakimbilia kitu pekee kinacholiwa kwenye picha kabla hakijatajwa.

Fundi Maneno:

Hapo nimekuelewa. Sasa nijibu na hili, wanasema ulimi ukiteleza ndio siri ya moyoni inatoka. Kweli?

Mdadisi wa Mambo:

Hiyo ni ya Freud, 1901. Mara mojamoja inaweza kuwa kweli, lakini watu waliokusanya makosa kwa wingi wanaona kitu tofauti. Rudolf Meringer na Carl Mayer walishatoa kitabu cha makosa ya ulimi ya Kijerumani mwaka 1895, kabla ya Freud, na 1971 Victoria Fromkin akaonyesha kwamba makosa yana sheria. Konsonanti inabadilishana na konsonanti, ya mwanzo inabadilishana na ya mwanzo. Unataka kusema "funga dirisha" unasema "dunga firisha". Hutasikia mtu F ikaenda kubadilishana na A. Na nomino inabadilishana na nomino, mtu anataka kusema "kikombe kiko mezani" anasema "meza iko kikombeni".

Itazameni hiyo ya mwisho kwa karibu. Kama maneno yangekuwa yameshapangwa tayari na sauti zake zote halafu yakagongana njiani, tungepata "mezani kiko kikombe". Lakini kitenzi kimejirekebisha kikafuata meza, na NI imebaki palepale mwishoni imevaa neno jipya. Maana yake kosa lilitokea mapema, kabla viambishi havijavishwa, na fundi wa viambishi akaja baadaye akafanya kazi yake vizuri tu juu ya kosa. Kwa Kiingereza Fromkin na Merrill Garrett waliona kitu hichohicho kwenye viambishi vyao vichache, sisi tunavyo vya kumwaga, mtu akikaa na daftari akakusanya makosa ya ulimi ya Kiswahili atapata mali.

Na kuna mkaguzi. Bernard Baars na wenzake 1975 waliwatega watu maabara wateleze ulimi, wakaona makosa yanayozaa neno halisi yanatoka kirahisi kuliko yanayozaa upuuzi. Baadaye wakatega watu watelezee kwenye matusi. Wengi hawakuteleza, lakini ngozi zao zilitoa jasho lile la kushtuka, maana yake tusi lilishatengenezwa ndani mkaguzi akalizuia mlangoni. Huyo mkaguzi anasikiliza hadi sauti yako mwenyewe ukiongea, ndio maana simu ikikurudishia mwangwi wako umechelewa kidogo unaanza kubabaika na kukokota maneno. Bernard Lee alishaandika habari hiyo tangu 1950. Pamoja na vurugu zote hizo makosa ni machache mno, wanakadiria karibu moja kwa kila maneno 1,000.

Shangazi Mtulivu:

Mimi nimepita kimya tangu mwanzo ila nina swali. Mume wangu ananimalizia sentensi. Siongei nikamaliza. Ni ukosefu wa adabu au ndio huo ubashiri?

Mdadisi wa Mambo:

Shangazi hilo la adabu mtamalizana wenyewe mimi simo 😂 ila ubashiri ni wa kila mtu. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walipima mazungumzo ya lugha 10 za pande tofauti za dunia, mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana anachukua muda gani kuanza kujibu. Wastani ni kama milisekunde 200, sehemu ya tano ya sekunde. Wajapani ndio wa haraka kabisa, karibu wanaunganisha, Wadenmaki ndio wa taratibu na bado hawafiki nusu sekunde. Sasa weka hilo pembeni ya hili: ukionyeshwa picha ya kitu cha kawaida tu uitaje, kutoka kuiona hadi sauti ya kwanza kutoka inachukua kama milisekunde 600. Neno moja! Kwa hiyo anayejibu ndani ya 200 alishaanza kuandaa jibu wakati wewe bado unaongea, na ameshakadiria utanyamaza wapi. Sote tunafanya hivyo, mumeo anakosa subira tu ya mwisho.

Shangazi Mtulivu:

Nimempelekea asome. Swali jingine la kweli sasa, mama anasahau majina siku hizi, hadi ya wajukuu. Tuwe na hofu?

Mdadisi wa Mambo:

Majina peke yake kukwama ni kawaida ya umri, Deborah Burke na wenzake waliandika 1991 kwamba wazee wanakwama zaidi ya vijana, na majina ya watu ndio yanaongoza. Jina halina maana ya kulishikilia. Kuna jaribio la 1987, watu wanaonyeshwa sura wanaambiwa huyu jina lake ni fulani na kazi yake ni fulani, kazi wanaikumbuka kirahisi kuliko jina hata pale neno lilelile likitumika kwa mmoja kama jina na kwa mwingine kama kazi. Na msimwache mama ahangaike muda mrefu na jina, mtajieni mapema. Karin Humphreys na Amy Beth Warriner waliona 2008 kwamba kadiri mtu anavyoachwa akikwama kwa muda mrefu ndivyo anavyozidi kukwama tena kwenye neno lilelile siku nyingine, anakuwa amejifunza kukwama.

Cha kuogopa ni kingine. Akianza kupoteza vitu vyenyewe na siyo majina tu, hajui kijiko ni cha nini, anapotea njia anayoijua, hapo mpelekeni kwa daktari. Na mtu yeyote maneno yakimpotea ghafla au ulimi ukawa mzito ghafla, mdomo umeenda upande, hiyo inaweza kuwa kiharusi, ni hospitali dakika hiyohiyo, msianze kumkanda. Mgonjwa maarufu kuliko wote kwenye fani hii, Leborgne, aliyekaa hospitali ya Bicêtre karibu na Paris miaka 21, alikuwa akiulizwa chochote anajibu "tan, tan" tu, na bado alikuwa anaelewa mengi anayoambiwa. Alipofariki 1861 Paul Broca akaukagua ubongo akakuta kidonda mbele upande wa kushoto.

kitimoto_hapana:

Na ile ya Cambridge kwamba ukivuruga herufi za katikati ukaacha ya kwanza na ya mwisho mtu anasoma tu bila shida? Ilizunguka sana hiyo.

Mdadisi wa Mambo:

Hakuna utafiti wa Cambridge wa hivyo. Ule ujumbe ulianza kuzunguka 2003 na mtafiti mmoja wa Cambridge kweli, Matt Davis, ndiye aliyekaa akaandika kwamba hawaujui. Kilichokuwepo ni tasnifu ya Graham Rawlinson, Nottingham, 1976. Na ile posti inasomeka kwa sababu Kiingereza kina maneno mafupi mengi ambayo huwezi kuyavuruga, na waliyavuruga kwa upole. Jaribu hili la kwetu, nimeacha ya kwanza na ya mwisho kama wanavyotaka: hkeltapawuaekea.

kitimoto_hapana:

Hicho ni Kifini mkuu.

Bi Zuwena:

Hawatakupelekea. Nimeanza kwa kutafuta HAWA maana nilijua mwanzo wa H kwenye kitenzi ni ukanushi, halafu nikatafuta TA au KU, nikaona zote zipo, kilichobaki kikajipanga chenyewe.

Mdadisi wa Mambo:

Na hapo umesoma viambishi, siyo herufi. Ukivuruga ndani ya kila kipande lakini vipande vikabaki na mpangilio wake nahisi ingesomeka vizuri zaidi, ila hilo ni la kupima na watu wengi. Fundi Maneno wewe una kundi la wanafunzi, andaa sentensi kumi mimi nitazivuruga.

Fundi Maneno:

Naanza na ya samaki.